Picha ya Shahidi wa Kumi na Nne

Alhamisi, saa nne asubuhi, Mwongeli alikuwa katikati ya mkutano wa timu yake, kompyuta juu ya meza ya jikoni na maharagwe yakichemka nyuma yake, mama mkwe wake alipomwita kutoka sebuleni.

"Mwongeli! Kumbe mlimwandika Mutheu!"

Mwongeli alizima sauti ya upande wake. "Mutheu gani, mwaitu?" aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Huyu wa kiwanda cha nguo. Huyu mnamwita shahidi. Si ni Mutheu alikuwa anakaa hapa kwa ploti kabla nyinyi mhamie?"

Aliwaomba wenzake wamsubiri kidogo, akaenda sebuleni. Mama Mbinya alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, simu mapajani, na ile sauti ya kike ya simu ilikuwa bado inasoma kwa Kiswahili chake cha kujikokota. Presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya kuona kidogo kidogo, hadi akabaki na mwanga tu wa dirishani. Tangu hapo simu ndiyo iliyomsomea kila kitu: Biblia, matangazo ya vifo, na kila ukurasa uliotoka mikononi mwa mkaza mwana wake.

"Lakini hatukuandika jina," Mwongeli alisema. "Hata uso tuliuficha. Umejuaje?"

"Simu ndiyo imesema. Hebu rudisha nyuma usikie."

Akarudisha. Sauti ikasema: "Picha. Mwanamke mwenye sweta ya kijani ameketi kwenye kiti cha plastiki, uso wake uko kivulini. Mikono imelala mapajani. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimekatika nusu."

"Huo mkono ndio ulikuwa unanishika kunipeleka kanisani," Mama Mbinya alisema. "Mwaka mzima. Nitausahau aje?"

Mwongeli alisimama pale akiwa ameishika simu. Hakuna aliyehitaji kumwambia maneno yale yametoka wapi. Aliyaandika yeye mwenyewe, na alipoyaandika alijipongeza.

Hapa lazima tumtendee haki. Mwongeli alisimamia tovuti ya shirika moja la kimataifa la haki za binadamu, yeye na watu wanne waliotawanyika, mmoja akiwa Juja na wengine nchi ambazo hapa Makongeni, mtaani kwao, hazijulikani. Katika tovuti yoyote, nyuma ya kila picha huwa kuna maneno yaliyofichwa. Mwenye macho hayaoni, ila simu ya kipofu huyasoma kwa sauti. Watu wengi wa kazi hiyo huandika "mwanamke ameketi" wakaendelea na shughuli zao. Mwongeli, aliyeishi nyumba moja na Mama Mbinya, hakuweza. Aliiwekea timu yake sheria: elezeni picha kama mnamwelezea mama yangu. Makao makuu kule Geneva walimsifu mpaka wakamfanya afundishe ofisi nyingine, na sifa, tusidanganyane, humlevya mtu polepole.

Picha ya shahidi wa kumi na nne ilifika ikiwa na mikono yote miwili. Mwongeli akaieleza yote, kidole na sweta. Siku moja kabla ya ukurasa kutoka, mtafiti aliyemhoji yule mwanamke aliomba mikono iondolewe, kwa sababu kiwandani kidole kile kinajulikana na kila mtu. Picha ikakatwa, ikabaki kuanzia kifuani kwenda juu. Watu watano wakaikagua kwenye skrini zao, wote wakasema iko sawa. Wote watano walikuwa na macho, na hakuna aliyekumbuka kwamba maelezo yamebaki vilevile.

* * *

Aliporudi mezani aliwaaga wengine, akabaki na Austine wa Juja, ambaye ndiye aliyeikata ile picha kwa maagizo ya Mwongeli. Austine alikuwa na miezi mitano kazini, na barua ya kumthibitisha ilikuwa itoke wiki iliyofuata.

"Boss, si hiyo ni kitu ya dakika mbili?" alisema. "Nafuta hiyo line, na-publish upya, story imeisha. Hata Geneva hawatajua."

"Ifute. Lakini Geneva nitawaambia."

"Sawa, lakini usijistress sana. Hayo maelezo ya picha, kusema ukweli, hakuna mtu husoma."

Sauti yake ilikuwa inatoka kwenye spika, na nyumba za Makongeni hazina kuta za kuficha maneno.

"Mwambie huyo kijana kuna mtu husoma," Mama Mbinya alisema kutoka sebuleni. "Anaitwa Mbinya."

Kisha Austine akasema kwa sauti ndogo, "Pole, shosh. Sikumaanisha hivyo," na Mwongeli akasikia akibonyeza vitufe vya kompyuta yake haraka haraka. Baada ya dakika mbili, kama alivyoahidi, kile kidole hakikuwepo tena kwenye maneno.

Mwongeli angeweza kuishia hapo. Hata alifungua kifuniko cha sufuria akayakoroga maharagwe, akijiambia kwamba bahati imemwangukia, kwamba aliyesikia ni mtu wa nyumbani. Ndipo akakumbuka kuuliza.

"Mwaitu, huu ukurasa umeusikiza peke yako?"

Mama Mbinya alianza kukunja leso yake mapajani, akaikunjua.

"Jana si kulikuwa na maombi hapa," alisema. "Wamama walikuja saa nane. Tulipomaliza kuomba, tukinywa chai, nikawawekea."

"Ukawawekea kwa sauti?"

"Wote. Kwa vile Wamboi alikuwa amesema... amesema wewe unakaa tu kwa nyumba na simu, mzee wako anachomelea watu mageti kwa jua. Nilitaka wajue hukai tu."

Mwongeli alivuta kigoda akaketi karibu naye. Hasira ilimjia ikakosa mahali pa kutua. Mwanamke huyu alikuwa amemtetea, kwa kitu pekee alichokuwa nacho mkononi.

"Wewe ulimtambua jana?"

"Jana kulikuwa na kelele ya vikombe. Nilisikia ya kiwanda tu. Leo nikiwa peke yangu ndio mkono ukaniingia." Akaishika leso tena. "Lakini Wamboi aliniambia nirudishe hapo kwa mkono. Nikarudisha. Sasa ndio nafikiria, kwa nini alitaka nirudishe?"

* * *

Wamboi aliuza unga na mboga kwenye kibanda cha mabati mwisho wa ploti. Mutheu alipokuwa akiishi pale walipakana mlango kwa mlango. Tena mdogo wake Wamboi, Becky, alishona mashati kwenye kiwanda kilekile cha Ruiru. Mambo haya Mwongeli aliyajua yote kipande kipande, ila alikuwa hajawahi kuyapanga pamoja hadi alipokuwa anatembea kuelekea kibandani, mchana ule, na viatu vya nyumbani.

Kulikuwa na wateja watatu. Alitaka kusubiri waondoke, lakini Wamboi hakuwa mtu wa kumpa mwenzake nafasi kama hiyo.

"Mama Dianah!" alimwita kwa jina la mtoto wake. "Leo umetoka kwa ofisi?"

"Nimetoka. Nilikuwa nataka tuongee kidogo, pembeni."

"Ongea tu, hapa sisi ni watu wa nyumba moja."

Mwongeli akakaribia kaunta, akashusha sauti. "Ile kitu mama aliwasikizisha jana. Ya yule mwanamke wa kiwanda. Kuna mtu umemwambia?"

"Haiya! Kwani mimi ni redio?"

"Sijasema hivyo. Nauliza tu, kwa sababu mtu anaweza kuumia."

Mteja mmoja, aliyekuwa anachagua nyanya, aliacha kuchagua. Wamboi alifunga sukuma wiki kwa gazeti, akachukua muda wake, na alipoinua uso kile kiburi kilikuwa kimepungua.

"Nilimwambia Becky. Jana jioni, kwa simu. Nilimwambia tu ati Mutheu ameingia kwa mtandao, ameongea vizuri juu ya wale masupavaisa. Mimi nilidhani ni kitu ya kujivunia. Ngai, hata nilifurahi."

"Na Becky alisema nini?"

"Alicheka, akasema alikuwa anajua tu Mutheu siku moja atawasema." Wamboi akampokeza mteja mboga. Kisha akamgeukia Mwongeli, bila ukali, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Lakini mama Dianah, si wewe ndiye uliandika? Mimi nimerudia tu yenye uliandika."

Wateja wote watatu walimtazama Mwongeli. Akasema asante, kama mtu aliyenunua kitu, akarudi nyumbani.

* * *

Bosi wake wa Geneva aliitwa Helene. Alikuwa mwanamke mpole aliyezungumza bila kupandisha sauti, na aliyezoea matatizo ya watu kutoka nchi hamsini kumfikia yakiwa yamepangwa kwa tarehe. Mwongeli alimwambia yote, kuanzia maelezo ya picha hadi maombi ya Jumatano.

"Mstari umeshafutwa?" Helene aliuliza.

"Umefutwa asubuhi."

"Vizuri. Basi ukurasa ulivyo sasa hauna la kumtambulisha. Kamati ya usalama inakutana Jumatatu, itaamua kama ubaki. Mtafiti yuko safarini, nitamwandikia ampigie shahidi simu. Wewe usimtafute, unajua utaratibu, watu wa tovuti hawakutani na mashahidi."

"Jumatatu ni mbali, Helene. Mtu wa kiwandani ameshajua."

"Najua. Lakini ule ukurasa umeunganishwa na malalamiko yetu kwa wizara. Watu elfu arobaini wameshausoma. Tukiuondoa bila kamati, itaonekana tumeyakana maneno yetu wenyewe." Akasikika akifungua daftari. "Ile picha aliikata nani?"

Swali liliulizwa kwa upole na lilikuwa na mlango wazi. Mwongeli aliuona. Angetaja jina la Austine, na lisingekuwa uongo.

"Maelezo niliandika mimi," alisema. "Na ukurasa niliupitisha mimi."

Helene akaandika. Kalamu yake ilisikika kwenye karatasi, kutoka mbali kote kule.

* * *

Kaleli, mume wake, alikuja kula mchana huo, mikono ina madoa meusi ya kuchomelea, akawakuta mke na mama yake wakimngoja. Walipomweleza, aliweka kijiko chini.

"Wamesema usiende?"

"Wamesema nisimtafute."

"Basi usimtafute. Mama Dianah, mimi sikatai, huyo mama anaweza kupata shida. Lakini wewe ukifutwa kazi, hapa tutaanza kuangaliana. Hii miezi mageti hayatoki, unajua. Ngoja hiyo Jumatatu."

Hakusema vibaya. Kwa miezi minane mfululizo mshahara wake ndio uliolisha nyumba, na Kaleli kulitamka hilo mbele ya mama yake kulimgharimu. Mwongeli alijua pia kwamba saa zile, wao wakila, Mutheu yuko kwenye laini ya kushona, na maneno yanatembea kutoka mashine hadi mashine.

"Mutheu hutoka saa kumi na moja," Mama Mbinya alisema.

"Mama, si umesikia?"

"Nimesikia. Hao wazungu wamemkataza Mwongeli. Mimi hawajanikataza, hawanijui. Mimi naenda Mwihoko kumwona mtu wangu, na sijamwona kutoka ahame." Akainuka, akapapasa fimbo yake ukutani. "Kinachobaki ni nani atanionyesha njia. Wewe una kazi. Dianah ako shule."

Kaleli alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Mwisho akatikisa kichwa, akacheka kidogo bila kupenda, akaurudia mchele wake.

"Vaeni masweta," alisema.

* * *

Chumba cha Mutheu kilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba ya kukodisha, kwenye korido ndefu yenye nguo zilizoanikwa pande zote mbili. Alifungua mlango akiwa bado amevaa aproni ya kiwanda. Alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana kwenye picha, na mdogo kwa umri, pengine thelathini na miwili. Kwa miezi miwili Mwongeli aliitazama sweta ile ya kijani kwenye skrini kila siku, na sasa aliiona ikining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Alijiona kama mtu aliyeingia bila kubisha.

Mutheu alimkumbatia Mama Mbinya, wakaamkuana kwa Kikamba, wakaulizana afya na kanisa na nani amekufa. Alimkaribisha Mwongeli kwa heshima ya mgeni, akampa kiti cha plastiki, yeye akaketi kitandani.

"Mutheu," Mwongeli alianza, "mimi naitwa Mwongeli, mke wa Kaleli. Mimi nafanya kazi na lile shirika ulilohojiwa nalo. Mimi ndiye nasimamia tovuti."

Uso wa Mutheu haukubadilika sana. Aliangalia mlango kama umefungwa.

"Nilidhani mtapiga simu," alisema.

"Umeshajua?"

"Leo, kabla ya chakula cha mchana, supavaisa alikuja kwa laini yetu. Akasema, nasikia siku hizi tuko na mtu anaongea na wazungu. Akaniambia nisimame, niinue mkono wa kushoto, laini yote ione. Nikainua." Akaunyoosha mkono juu ya goti, akauangalia, akauweka chini. "Akaniacha nimesimama hivyo mpaka kengele ikalia. Hakusema kitu ingine."

Mama Mbinya alitoa sauti kooni. Mwongeli alikuwa amejiandaa njiani. Alikuwa na maneno mazuri kuhusu vipofu, na sheria, na picha iliyokatwa. Mbele ya mwanamke huyu maneno yote hayo yalikuwa ya kujitetea, na akaona haya.

"Ni mimi niliandika juu ya kidole," alisema. "Tulikitoa kwa picha, nikasahau kukitoa kwa maneno. Si mtu mwingine. Ni mimi, na naomba unisamehe."

"Picha nilikubali," Mutheu alisema taratibu. "Kusema nilisema mwenyewe, hakuna mtu alinilazimisha. Kidole hamkuniuliza."

"Hatukukuuliza."

"Yule Okello alikuja kunihoji alisema hata mama yangu akiona hatanijua."

"Hiyo ndiyo tulikuahidi."

Kwenye korido mtu alipita na ndoo. Wakasubiri apite.

"Basi iondoe," Mutheu alisema.

"Mstari wa kidole umeondolewa asubuhi. Sasa ukisoma huwezi kujua ni..."

"Sijasema mstari. Nasema yote. Leo ni Becky ameongea, wenzangu wa laini wameniambia, lakini hana kitu cha kuonyesha. Kesho supavaisa atapeleka kwa meneja. Meneja akifungua akute maneno yangu pale, si atauliza ni nani alisema? Lakini akikuta hakuna kitu, ni udaku wa wasichana tu."

"Kuna kamati, Jumatatu..."

"Jumatatu mimi nitakuwa nimeshaitwa ofisini. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu. Hawahitaji hata kunifuta, ni kutonipatia tu ingine." Hakuinua sauti hata kidogo. "Wewe huwezi kuitoa?"

Mwongeli angeweza kusema hawezi. Mutheu angemwamini, na Helene angemshukuru. Mama Mbinya aligeuza uso kuelekea kwake, na macho yale yasiyoona yalimsubiri kama watu wengine wanavyosubiri.

"Naweza," alisema.

Alitoa simu. Aliandika nywila mara mbili kwa sababu mara ya kwanza vidole vilikosea. Ukurasa ulikuwa pale, na idadi ya wasomaji chini yake ilikuwa imepanda kidogo tangu asubuhi. Mfumo ulimuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo.

"Tayari."

"Nitajuaje?"

Mama Mbinya alikuwa ameshatoa simu yake. Ile sauti ya kike ikahangaika kidogo, ikasema ukurasa huo haupatikani. Akajaribu tena kuhakikisha, ikasema vilevile. Mutheu alishusha pumzi ndefu, akainuka, akawasha jiko la gesi, akateleka maji ya chai bila kuwauliza kama wanataka.

Walikunywa wakiongea mambo mengine. Walipokuwa wanaaga, Mutheu alimshika Mwongeli kiwiko mlangoni.

"Hayo maneno umefuta, yako mahali?"

"Yako. Yamehifadhiwa, lakini hakuna mtu wa nje anaweza kuyaona."

"Mimi sijawahi kuyasoma. Okello alinitumia kwa simu, hii yangu ikakataa kufungua. Nikaona haya kumwambia." Akaachia kiwiko. "Niletee kwa karatasi. Siku moja nikitoka hapo kiwandani, naweza kuyahitaji. Nataka nikae nayo mwenyewe."

* * *

Jumatatu kamati ilikutana. Helene hakumfokea, kwani hakuwa mtu wa kufoka. Alisema anaelewa, na kwamba huenda yeye pia angefanya hivyo akiwa kwenye chumba kile, lakini hakuwa kwenye chumba kile, na shirika haliwezi kuendeshwa kwa vyumba. Mwongeli alinyang'anywa ufunguo wa kuchapisha kwa miezi sita. Kila ukurasa wa timu yake ungepitishwa na kijana mmoja wa Geneva ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Barua ya onyo ikawekwa kwenye faili lake. Mshahara ulibaki ulivyokuwa, na Kaleli aliposikia hilo alienda nje kunawa uso.

Austine alithibitishwa kazini. Alimpigia simu akitaka kushukuru, akazunguka zunguka, mwisho akasema kwamba siku hizi kabla hajamaliza picha hufumba macho akairuhusu kompyuta imsomee. Mwongeli alimwambia ni vizuri. Kila asubuhi alimwandikia yule kijana wa Geneva, "Naomba upitishe huu ukurasa," na kila asubuhi ilimuuma kidogo, kisha akaendelea na kazi.

Mutheu hakuitwa ofisini. Supavaisa alimtoa kwenye mashine, akampeleka kitengo cha kufunga mashati kwenye maboksi, ambako hakuna malipo ya ziada. Kuhusu mkataba hakuna aliyesema lolote, na mwezi ulikuwa bado haujaisha.

* * *

Jumamosi iliyofuata walikutana Ruiru, kwenye hoteli ndogo ya chai nyuma ya soko. Mutheu ndiye aliyechagua mahali. Hakutaka wageni tena Mwihoko. Mwongeli alikuwa amechapisha kurasa nne kwenye karatasi, katika saiba ya Makongeni, akizuia skrini kwa mwili wake mwenye duka asione, na akazitia kwenye bahasha ya kaki.

Mutheu alifuta meza kwa kiganja kabla ya kuzitoa. Alisoma polepole, midomo ikitembea, bila kugusa chai yake. Mahali pamoja alitikisa kichwa kukubali. Mahali pengine alitabasamu, akasema, "Hii niliisema hivi kweli." Mwongeli aliangalia barabara, ili asimtazame.

Kwenye ukurasa wa tatu Mutheu alisimama. Akarudi juu, akasoma tena, akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa mmeandika nililia."

Mwongeli aliinama kusoma ingawa hakuhitaji. Ilikuwa sehemu ambayo supavaisa amefunga mlango wa stoo, Mutheu akiwa ndani. Helene alikuwa amesema sehemu hiyo ni kavu, wasomaji watapita tu, na Mwongeli ndiye aliyeketi pale mezani jikoni akaongeza neno moja. Lilikuwa limemjia kwa urahisi. Mwanamke yeyote angelia.

"Mimi sikulia," Mutheu alisema. "Nilimwambia afungue mlango, nina mashati sabini hayajaisha."

Mwongeli alitafuta kwenye mkoba wake akapata kalamu, akampa.